Kilo ya dagaa si kilo tu

Pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, kama ilivyo sokoni kote Mwanza, wanunuzi wengi huamini kwamba dagaa wakishapimwa kwa mizani hakuna kupunjwa. Wakala wa Vipimo hukagua mizani, ndiyo, lakini mizani hupima uzito wa chochote kilichowekwa juu yake, mchanga na maji pia.

Dagaa wabichi wakianikwa mchangani, mchanga huganda kwenye ngozi yao yenye unyevu na kukauka nao. Wakianuliwa kabla hawajakauka, hasa msimu wa mvua, unyevu huongeza uzito, kisha huleta ukungu. Kwa hiyo kilo ya bei nafuu huenda ina samaki wachache, na nyumbani bado utaiosha mara tatu.

Dagaa wa kwenye chanja huuzwa ghali zaidi, na si haki kumwita muuzaji wao mlanguzi: ametumia miti na nyavu kuwainua juu ya ardhi.

Kabla ya kununua, chukua dagaa wachache, wasugue kiganjani uone kinachobaki. Vunja mmoja, aliyekauka hukatika, hapindi. Halafu muulize muuzaji walianikwa wapi. Mwenye mzigo safi hujibu bila kukunja uso.