Pasi, birika na ekstensheni moja: piga hesabu kabla hujachomeka

Joto la Mombasa mwalijua, feni haizimwi mchana wala usiku, friji iko, asubuhi mtu ataka chai na nguo za kazi zipigwe pasi, na chumba chenyewe kina soketi moja tu ukutani, basi ekstensheni ndio inabeba kila kitu. Sisi tunaofundisha umeme jambo hili latutia wasiwasi sana, manake hesabu yake ni nyepesi na watu hawaipigi.

Anzia kwa kile kibandiko chini ama nyuma ya chombo. Umeme wetu Kenya ni volti 240. Pasi yako tuseme imeandikwa wati 1200, ukitaka kujua yavuta ampia ngapi, yaani umeme kiasi gani unapita kwenye waya, chukua wati gawanya kwa volti, unapata 5. Ukinzani, yaani vile ile koili yake ya joto inavyouzuia umeme kupita, je? Volti gawanya kwa ampia, 240 kwa 5, ni omu 48. Hii ya pili ndiyo kanuni ya Georg Ohm, Mjerumani aliyeichapisha 1827, na mafundi tunaitumia kila siku.

Haya, birika la wati 2000 lavuta ampia 8.3, jumlisha na pasi yashafika 13.3, na fyuzi ya plagi zetu za miguu mitatu kubwa kabisa ni ya ampia 13, friji bado hujaihesabu. Na usiseme ah fyuzi itakatika yenyewe, ikizidishiwa kidogo hivyo yaweza kukaa muda mrefu bila kukatika huku waya mwembamba wa ekstensheni ya bei rahisi unachemka chini ya zulia.

Lakini hatari kubwa zaidi naiona kwenye maungio. Hewa yetu ya pwani ina chumvi, vyuma vya soketi vyashika kutu, skrubu zalegea, na hapo ukinzani unapanda. Tuseme ni nusu omu tu. Joto la pale ni ampia mara ampia tena mara omu, kwa hivyo 13 mara 13 mara 0.5 ni wati 84.5, zote zimejikusanya mahali padogo pa skrubu moja! Ile pasi ya kulehemu ya fundi redio huwa na wati 40 na inayeyusha risasi. Sasa ukipunguza mzigo uwe nusu, ampia 6.5, joto halishuki nusu, linashuka hadi robo, kama wati 21. Ndio maana tunawaambia chemsha chai kwanza, pasi baadaye. Na soketi ikishakuwa ya moto ama plagi imegeuka rangi usiitumie tena, ita fundi aibadilishe.

Jioni volteji ikishuka mpaka 200 vilevile utaelewa kwa nini pasi inachelewa: omu ni zile zile 48, ampia zashuka hadi 4.2, nguvu yabaki kama wati 833. Ila hesabu hii ya omu ni ya vitu vya koili ya joto kama pasi na birika, friji na feni zina mota, na kompresa ya friji volteji ikishuka yaweza kuvuta ampia nyingi zaidi ikaungua, kwa hivyo taa zikianza kufifia chomoa friji kwanza.