Shoti ya umeme haiamshi moyo uliozima

Kwenye kibanda cha gemu Ngamiani, Tanga, kijana kashika mausi, ndani ya gemu yeye ni daktari wa chumba cha dharura. Mstari wa moyo umenyooka, mashine inalia tiiii. Anabofya shoti, mgonjwa anaruka, moyo unadunda. "Umeona, anko? Nimemfufua!"

Hapo gemu imemdanganya, na wengi wetu tunaamini hivyo hivyo. Shoti haiwashi moyo kama unavyopiga kiki pikipiki. Kazi yake ni kuutuliza ghafla moyo unaotetemeka ovyo bila kusukuma damu, ili uanze upya mapigo yake wenyewe. Mstari ukishanyooka, hakuna mtetemo wa kutuliza. Daktari wa kweli anakandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hivi kwa mtu mzima, anachoma sindano ya adrenalini, dawa ya kuchochea moyo, huku akitafuta chanzo cha moyo kuzima. Kazi hiyo inachosha hata msukuma mkokoteni, ndiyo maana wanapokezana kila dakika 2. Kwenye gemu kidole kimoja kinatosha!

Kumtanguliza mahututi kabla ya aliyechanika kidole, hilo gemu inalifundisha vizuri tu.