Dawa au mazungumzo? Kile ambacho picha ya ubongo inaanza kutuambia kuhusu sonona

Ndugu za wagonjwa huniuliza swali moja kwa namna nyingi: "Daktari, hakuna kipimo cha kichwa kitakachoonyesha ana nini?" Ni swali la haki. Tumezoea kwamba homa ikipanda, tone la damu kidoleni linatosha kujua kama ni malaria, na dawa inafuata. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka (depression), haina tone hilo. Kazi yangu kama mwanasaikolojia tiba ni kukaa na mtu wiki baada ya wiki tukizungumza kwa mpango maalumu. Nani aanze na mazungumzo na nani aanze na dawa ni uamuzi ambao mpaka leo hutegemea zaidi kilichopo karibu, bei yake, na mazoea ya yule aliyempokea mgonjwa. Hilo linanisumbua, na ndilo linalonifanya nifuatilie kwa karibu utafiti unaounganisha picha za ubongo na tiba ya mazungumzo.

Niseme mapema ninapoegemea. Yapo maswali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza: je, huyu ana sonona? La pili: kwa kuwa tunajua anayo, tiba ipi itamfaa? Picha ya ubongo haijaweza kulijibu la kwanza, na sitarajii ilijibu karibuni. La pili ndilo lenye matumaini.

Kuhusu la kwanza sitakawia. Mwaka 2022 watafiti wa Ujerumani walichapisha ulinganisho wa watu 1,809, wagonjwa wa sonona pamoja na watu wazima wa afya, wakitumia aina mbalimbali za picha za ubongo. Kila kipimo kilipotumiwa peke yake kutenganisha makundi hayo mawili, kilipatia kwa asilimia 54 hadi 56 tu. Ukirusha shilingi hewani unapata 50. Kwa hiyo mtu akikuambia atakupiga picha ya kichwa akuonyeshe sonona yako ilipo, shika pochi yako. MRI ya kichwa, yaani picha inayopigwa kwa nguvu ya sumaku, ina kazi yake halali kwenye afya ya akili, nayo ni kuondoa shaka ya uvimbe, kiharusi au ugonjwa mwingine wa ubongo, hasa pale tabia ya mtu inapobadilika ghafla au dalili zinapoanza uzeeni.

Sasa tuje kwenye la pili.

Wapo wanaodhani kwamba dawa hufika kwenye ubongo ilhali maneno huishia masikioni. Dhana hiyo ilipata jibu zamani. Mwaka 1992, Lewis Baxter na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walipima wagonjwa wenye mawazo na matendo ya kujirudia, kama yule anayenawa mikono hadi ngozi inachubuka. Baadhi walipewa dawa ya fluoksetini, wengine tiba ya tabia bila dawa yoyote. Kwa waliopata nafuu katika makundi yote mawili, shughuli ilipungua kwenye sehemu ileile ya ndani ya ubongo, upande wa kulia. Kumbe mazoezi na mazungumzo nayo yanauletea ubongo mabadiliko yanayopimika.

Kwenye sonona mambo yakawa ya kuvutia zaidi. Mwaka 2004 kundi la Toronto, akiwemo daktari wa mishipa ya fahamu Helen Mayberg, lilionyesha kwamba waliopona kwa tiba ya utambuzi na tabia (mazungumzo ya kumsaidia mtu kubadili mawazo na matendo yake) na waliopona kwa dawa ya paroksetini hawakupita njia moja. Kwa wa mazungumzo, shughuli ilipungua sehemu za mbele ya ubongo na kuongezeka kwenye hipokampasi, sehemu ya ndani inayohusika na kumbukumbu. Kwa wa dawa, mwelekeo ulikuwa wa kinyume. Wote wamepata nafuu, lakini ubongo umefika huko kwa njia mbili. Hapo ndipo swali lilipozaliwa: kama njia ni mbili, je, tunaweza kuangalia ubongo kabla ya tiba tukajua mtu huyu yuko karibu na njia ipi?

Mayberg alihamia Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, na huko swali hilo likapimwa. Wagonjwa 82 wa sonona ambao hawakuwa chini ya tiba walipigwa picha ya PET. Mtu huchomwa sindano yenye sukari iliyotiwa mionzi kidogo. Seli zinazofanya kazi zaidi huvuta sukari zaidi, na mashine inasoma ni wapi imekwenda. Kisha wakagawanywa kwa bahati nasibu: wengine vipindi 16 vya tiba ya utambuzi na tabia, wengine dawa ya eskitalopramu, kwa wiki 12. Mwisho wa tiba, watafiti waliwachukua wale ambao matokeo yao yalikuwa wazi, yaani ama wamepona kabisa ama hawakusogea, na picha zao zinasomeka. Walikuwa 38. Wakarudi kwenye picha za mwanzo kutafuta sehemu iliyotofautisha.

Iliyojitokeza kwa nguvu zaidi ni insula ya kulia, sehemu ya mbele. Insula imejificha ndani ya mkunjo mkubwa wa pembeni mwa ubongo, na ndiyo inayohusika sana na kuhisi hali ya ndani ya mwili: moyo unaodunda, tumbo linalojikunja, pumzi inayobana. Wagonjwa ambao shughuli yao ya insula ilikuwa chini ya wastani wa ubongo wao walielekea kupona kwa mazungumzo na kukwama kwa dawa. Waliokuwa juu ya wastani, kinyume chake: walipona kwa dawa, wakakwama kwa mazungumzo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013, na nikiri yalinigusa. Kipimo kinachosema "huyu ana nafasi ndogo ya kupona" kingemwacha mgonjwa palepale alipo. Hiki kinamwelekeza mlango.

Kundi hilohilo la Emory, likiongozwa na Boadie Dunlop, likaendesha utafiti mkubwa zaidi uitwao PReDICT, wenye watu wazima 344 ambao hawakuwahi kutibiwa sonona. Kwa wastani, mazungumzo na dawa mbili zilizotumika havikupishana kwa kiwango cha kutajika. Lakini wastani huficha watu. Kwa 122 kati yao waliopigwa picha za fMRI, ambazo hufuatilia shughuli za ubongo, wakiwa wametulia, jinsi sehemu moja iliyo chini kabisa mbele ya ubongo inavyowasiliana na sehemu nyingine tatu ilitenganisha waliopona kwa mazungumzo na waliopona kwa dawa. Jambo jingine la utafiti huo ambalo huwa nalitaja kwa wanafunzi: waliopangiwa tiba waliyoipenda walielekea zaidi kuimaliza, lakini hawakupona zaidi ya wengine.

Mwaka 2024 kundi la Leanne Williams, Chuo Kikuu cha Stanford, likatumia picha za watu 801 wenye sonona au wasiwasi kuwagawa katika makundi sita kwa jinsi sehemu za ubongo wao zinavyofanya kazi na kuwasiliana, na baadhi ya makundi hayo yakaonyesha kuitikia tiba ya mazungumzo vizuri kuliko mengine.

Basi kwa nini sikuandikii barua ya kwenda kupigwa picha kesho? Kwanza, 38 ni watu wachache mno kwa uamuzi wa maisha ya mtu. Pili, uwanja huu umeshaungua kabla. Mwaka 2017 watafiti wa New York walitangaza aina nne za sonona kutokana na picha za zaidi ya watu 1,000. Miaka miwili baadaye, wenzao wa Uholanzi walipofuata njia ileile kwa wagonjwa wengine, ushahidi wa aina hizo haukusimama. Tatu, na hili kwangu ndilo zito, kutazama nyuma na kukuta tofauti ni kazi moja. Kumpangia mgonjwa tiba kwa kufuata picha yake na kuona kama atapona zaidi ya aliyepangiwa bila picha ni kazi nyingine. Hiyo ya pili ndiyo itakayoamua.

Tena wengi waliopigwa picha hizi wako Marekani na Ulaya. Kiwango cha insula kilichopatikana Atlanta hakipaswi kuhamishiwa Temeke au Kisumu kana kwamba kimeshapimwa kwetu. Natamani sana wagonjwa wa Afrika Mashariki waingizwe kwenye utafiti huu wakati kanuni bado zinaandikwa.

Hata hivyo, kazi hii imeshabadilisha ninavyozungumza na wagonjwa. Mtu anayehudhuria kila kipindi, anafanya mazoezi ya nyumbani, na bado anaamka na uzito uleule kifuani, mara nyingi huambiwa na jamaa zake kwamba hajajitahidi au imani yake ni haba. Mimi humwambia kwamba huenda ubongo wake unahitaji njia nyingine, na kwamba wapo watu wa namna hiyo walioonekana kwenye utafiti. Vilevile kwa aliyekwama na dawa.

Na kwa kuwa picha hatuna, tunapima kwa kalamu. Dodoso la PHQ-9, maswali tisa tu ya kupima uzito wa dalili za sonona, lipo kwa Kiswahili na ubora wake umepimwa kwa wagonjwa wa hapa Afrika Mashariki. Lijazwe mwanzoni na kila baada ya wiki chache. Kama wiki sita au nane zimepita na alama hazijashuka, usijiondokee kimya. Mwulize mtaalamu wako: tubadilishe, au tuongeze? Kama unatumia dawa, usiikatishe ghafla bila daktari aliyekuandikia. Na kama dodoso linaonyesha mawazo ya kujidhuru, usisubiri wiki yoyote, nenda hospitali siku hiyohiyo na mtu unayemwamini. Huko PReDICT, ambao hawakupona ndani ya wiki 12 waliongezewa ile tiba nyingine, wa mazungumzo wakapata dawa na wa dawa wakapata mazungumzo, na wapo waliopona katika awamu hiyo ya pili.