Mtahini wa nje anautahini mtihani

Matokeo ya udaktari yakitoka, hapa Mombasa lawama huwa moja: "Mtahini wa nje kanifelisha." Nimeisikia kwa wanafunzi waliorudi likizo kutoka Nairobi na Eldoret, nimeisikia kwa wazazi barazani Kisauni, na juzi nimeisikia kwa mtu anayefanya kazi wodini. Wapo pia wanaomchanganya na msimamizi wa mtihani, yule anayepita kati ya madawati akitafuta mwakenya, vile vikaratasi vya kuibia mtihani, kwenye mikono ya shati. Imefika mahali pa kusema.

Mtahini wa nje ni mwalimu au daktari bingwa wa chuo kingine, anayealikwa kwa muda maalumu kuangalia mambo matatu: kama mtihani unapima kinachostahili kupimwa, kama watahiniwa wote wametendewa haki, na kama anayefaulu hapa angefaulu na kwingine. Akimaliza anaandika ripoti, na chuo kinatakiwa kuijibu.

Desturi hii ilitoka Uingereza. Chuo cha Durham kilipoanzishwa mwaka 1832 kilikuwa kichanga, kikawaita watahini wa Oxford ili shahada zake ziaminike. Kwetu ilikuja kwa njia hiyo hiyo. Makerere ilifungamana na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, na kuanzia 1963 hadi 1970 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa chuo kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kilipovunjika, kila nchi ilibaki na chake, lakini walimu waliendelea kuvuka mipaka msimu wa mitihani. Profesa wa Kampala akija Nairobi, hakuja kumkomoa mtoto wa mtu. Amekuja ili daktari wa Nairobi asitiliwe shaka akifika Kampala.

Chanzo cha kuchanganyikiwa nakielewa. Katika mtihani wa kitandani wa zamani, mwanafunzi huachwa na mgonjwa, amhoji, ampime, kisha asimame mbele ya watahini wawili, wa ndani na wa nje, ajieleze. Mgeni naye huuliza, tena pengine swali gumu, na alama hutoa. Ukifeli, sura unayoikumbuka ni ya yule usiyemjua. Lakini hata pale alikuwa na kazi ya pili usiyoiona: kumsikiliza mwenzake wa ndani. Je, swali alilokuuliza wewe ndilo alilomuuliza aliyekutangulia? Je, wewe ulipewa mgonjwa mwenye ini lililovimba waziwazi, na mwenzako akapewa mwenye mnong'ono wa moyo, sauti hafifu isiyo ya kawaida ambayo hata daktari bingwa anaitafuta?

Tofauti inaonekana vizuri zaidi katika mtihani wa vituo, ambao mwalimu wa udaktari Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, waliueleza mwaka 1975. Kengele inalia, mwanafunzi anaingia chumbani, ana dakika chache za kupima shinikizo la damu au kumweleza mama hali ya mwanawe, kengele inalia tena, anahamia kituo cha pili. Mtahini wa ndani ameshika fomu ya alama. Mtahini wa nje amesimama pembeni, na fomu haigusi. Anachoandika kwenye daftari lake ni kwamba anayeigiza mgonjwa amechoka na sasa anataja dalili kabla hajaulizwa. Kwamba mtahini wa chumba cha tatu hukunja uso mwanafunzi akikosea, basi mwanafunzi anajirekebisha, ilhali wa chumba cha nne hatikisiki. Hayo yote hayamhusu mwanafunzi mmoja. Yanauhusu mtihani.

Ndiyo sababu watu hawa hufunzwa, na mimi naona mafunzo hayo ni ya lazima. Mkono mzuri wa upasuaji haukufundishi kupima haki ya mtihani. Katika mafunzo, kikundi huonyeshwa video moja ya mwanafunzi mmoja na kila mtu atoe alama yake peke yake, kisha alama ziwekwe mezani zijadiliwe. Mkali anajijua, mpole anajijua. Hufunzwa pia alama ya kufaulu inatoka wapi, maana hamsini kwa mia si amri. Kwa njia inayoitwa kwa jina la Angoff, mtaalamu wa upimaji wa mitihani, tangu 1971, waamuzi hulichukua swali moja moja na kujiuliza: katika watahiniwa mia waliofikia kiwango kwa shida, wangapi wangelijibu? Wastani wa makadirio hayo ndio unaochora mstari.

Udaktari wa binadamu, wa meno na wa mifugo hupewa uzito wa pekee kwa kuwa mstari huo ndio mlango. Aliyeuvuka anaelekea kwenye usajili: daktari na daktari wa meno kwa baraza lao baada ya mwaka wa mazoezi hospitalini, wa mifugo kwa bodi yake. Ukikosea kidogo kati ya wa kwanza na wa pili darasani, utakuwa umeumiza moyo wa mtu. Ukikosea pale penye mstari, atakayeumia ni mgonjwa wa Likoni au ng'ombe wa mfugaji wa Kwale.

Kwa hiyo, mwanangu, ukishindwa, sema "bodi ya watahini haikunipitisha," kwa kuwa bodi ndiyo inayokaa na kuidhinisha matokeo. Na kama ulionewa kwenye kituo, andika rufaa kwa utaratibu wa chuo, utaje kituo na kilichotokea. Usimwandikie mtahini wa nje akuongezee alama. Lakini ripoti yake huenda tayari inalitaja lile lile unalolalamikia.