Ukitaka kumjua Capone, soma risiti zake

Watu wakijua kwamba mi nafuatilia historia ya magenge ya uhalifu, na hasa Chicago ya miaka ya 1920, swali la kwanza huwa ni lilelile, eti Al Capone aliua watu wangapi kwa mkono wake. Swali hilo halina karatasi nyuma yake. Ukiniuliza alinunua chupi za hariri kwa bei gani, hapo ntakujibu bila kusita, kwa sababu muuza duka alisimama mahakamani akaapa akasema dola 12 moja, na maneno yake yakaandikwa. Hii ndo kazi yenyewe. Jambazi anadanganya, polisi anadanganya, mwandishi wa habari anaongeza chumvi, na mtoto wa jambazi akiandika kumbukumbu za baba yake miaka 40 baadae ndo usiseme. Ila keshia anayeandika mapato ya usiku kwenye leja hana sababu ya kumpamba mtu, anataka tu hesabu zikae sawa asije akaulizwa kesho.

Kwa ambao hii habari ni mpya, kwa kifupi: Marekani ilipiga marufuku pombe nchi nzima kuanzia 17 Januari 1920 na ikaja kuifuta marufuku hiyo 5 Desemba 1933. Katikati hapo watu hawakuacha kunywa hata kidogo, biashara ikahamia tu kwa wenye bunduki. Chicago alikuwepo mzee mmoja wa madanguro, Jim Colosimo, akapigwa risasi Mei 1920 ndani ya mgahawa wake, nafasi yake ikachukuliwa na Johnny Torrio, na Torrio ndo aliyemleta kijana kutoka Brooklyn, mzaliwa wa 1899, Alphonse Capone. Torrio mwenyewe akapigwa risasi Januari 1925, akapona, akaona isiwe taabu, akamwachia kijana kazi.

Sasa tuje kwenye leja, maana hapa ndo pana utamu.

Tarehe 27 Aprili 1926 pale Cicero, mji ulioungana na Chicago upande wa magharibi, aliuawa William McSwiggin. Huyu alikua mwendesha mashtaka msaidizi wa serikali, kijana wa miaka 26, na usiku ule alikua anazunguka na watu wa magendo ya pombe, sasa fikiria aibu iliyompata bosi wake. Wakubwa ikabidi waonekane wanafanya kitu, wakavamia sehemu za Capone huko Cicero, wakavunja wakabeba, na kwenye mzigo waliobeba yakawemo madaftari ya hesabu ya nyumba ya kamari iliyokua inaitwa Hawthorne Smoke Shop. Yakawekwa. Hakuna aliyeyasoma! Yakakaa kama miaka 4 mpaka mwaka 1930, mchunguzi wa idara ya kodi anaitwa Frank Wilson, amechoka kutafuta ushahidi usioonekana, akawa anapekua mafaili ya zamani akayakuta. Akafungua akaona safu za hesabu, roulette kiasi gani, dadu kiasi gani, farasi kiasi gani, halafu mgao wa faida kwa watu waliofupishwa majina, na kuna sehemu imeandikwa kwamba Frank amelipa 17,500 kwa niaba ya Al.

Hapo mtu wa haraka angeshangilia. Wilson hakushangilia kwa sababu alijua leja bila mwandishi wake ni karatasi tu, wakili atasimama aseme Al wako wengi duniani. Kwa hiyo akauliza swali ambalo na mi nawasisitizia wote wanaotaka kuingia kwenye utafiti huu: huu mwandiko ni wa nani? Wakaanza kulinganisha ile miandiko na karatasi za watu walioweka hela benki na fomu za hapa na pale, mpaka wakaufikia mwandiko wa keshia mmoja, Leslie Shumway, wakaenda kumpata Miami mwaka 1931. Huyo ndo akaja kusema mahakamani kwamba ndiyo, nimeandika mimi, na faida ilikua zaidi ya dola 500,000 kwa kipindi cha kama miaka 2 hivi, nyumba moja tu hiyo ya kamari.

Bado ilibaki kumfunga Capone na nyumba hiyo. Na aliyesaidia hapo wala sio polisi, ni mchungaji. Mei 1925 mchungaji Henry Hoover na wenzake wa vitongoji vya magharibi walichoka kuona polisi wanalala, wakavamia wenyewe hiyo nyumba ya kamari wakiwa na maafisa wachache, na Capone akatokea hajanyoa ndevu, koti juu ya pajama, akamwambia mtu aliyekua analinda mlango kwamba yeye ndo mwenye hapo mahali. Sentensi moja ya hasira asubuhi, miaka 6 baadae inasomwa mbele ya jaji. Mi napenda sana kipande hiki kwa sababu kinaonyesha ushahidi wa kihistoria unavyozaliwa, yaani mtu anaongea kitu kwa ajili ya leo, hana habari kabisa na kesho.

Kwa nini kodi lakini, mbona wasimshike kwa pombe au mauaji? Kwa sababu mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwenye kesi ya muuza magendo mmoja anaitwa Sullivan kwamba hela haramu nayo inalipiwa kodi, na kwamba huwezi kukwepa kabisa kujaza fomu kwa kisingizio kwamba utajishtaki mwenyewe. Baada ya hapo serikali haikuhitaji shahidi wa kumuona Capone ameshika bunduki, ilihitaji tu kuonyesha alitumia hela ambazo hakuzitolea hesabu. Kesi ikaanza Oktoba 1931, na jaji James Wilkerson, aliposikia kwamba watu wa Capone wameshapata orodha ya raia watakaoketi kuamua kesi, akabadilishana kundi zima na la jaji mwingine asubuhi ile ile. Halafu ikaanza foleni ya mashahidi ambao kwa mtu wa filamu wanachosha lakini kwa mtafiti ni hazina: fundi suti, muuza samani, muuza nyama, watu wa simu na bili zao, watu wa Western Union na hela zilizotumwa Miami, na ile nyumba ya Palm Island iliyonunuliwa kwa dola 40,000 mwaka 1928. Ongeza barua ya wakili wake mwenyewe, Lawrence Mattingly, aliyeiandikia idara ya kodi akijaribu kumaliza mambo kimya kimya na humo ndani akakubali kwamba mteja wake alikua na kipato. Mashtaka 23, akakutwa na hatia kwenye 5. Miaka 11 na faini ya dola 50,000.

Angalieni namba lakini. Kila mahali utakuta imeandikwa Capone alikua anaingiza dola milioni 100 kwa mwaka. Hayo ni makadirio ya genge zima, tena mauzo sio faida, na yametoka kwa maafisa waliokua wanataka kuonyesha ukubwa wa tatizo. Kilichothibitishwa kwa karatasi mahakamani ni kipato cha zaidi kidogo ya dola milioni 1 kwa miaka 6, 1924 mpaka 1929, kodi yake kama dola 215,000. Sisemi kwamba hiyo ndo hela yote aliyopata, haiwezekani, ni ile tu walioweza kuishika mkia. Ila mtafiti anatakiwa ajue yuko upande gani wa mstari, kwenye kilichothibitishwa au kwenye kilichokadiriwa, na amwambie msomaji wazi. Hivyo hivyo na Eliot Ness, yule afisa wa serikali wa kupambana na magendo ya pombe ambaye filamu zinampa sifa ya kumwangusha Capone. Kikosi chake kilivunja viwanda vya bia kweli, na mashtaka ya pombe 5,000 yaliandaliwa kweli, lakini hayakusikilizwa kabisa. Aliyemfunga Capone ni watu wa hesabu.

Magazeti je? Yasome, ni lazima, hakuna anayeijua Chicago ile bila magazeti yake, ila soma ukiwa macho. Kwanza majina. Mwaka 1922 Capone alikamatwa kwa kugonga gari akiwa amelewa, na gazeti likamwandika Alfred Caponi, na mwenyewe alikua anajiita Al Brown kwenye biashara, kwa hiyo ukiandika Capone tu kwenye kisanduku cha kutafutia unakosa miaka yake ya mwanzo yote. Pili, na hili ni zito zaidi, waandishi wenyewe walikua ndani ya mchezo. Jake Lingle wa Chicago Tribune alipigwa risasi kichwani 9 Juni 1930 kwenye njia ya chini ya waenda kwa miguu, mchana kweupe, na gazeti lake likaanza kumlilia kama shujaa. Baada ya siku chache ikajulikana mtu wa mshahara wa dola 65 kwa wiki alikua anaishi kama milionea, rafiki wa mkuu wa polisi na rafiki wa Capone. Sasa jiulize, habari ngapi za magenge kabla ya hapo zilipitia kwa Lingle? Mi kila nikisoma habari ya uhalifu kwenye gazeti la Chicago la kabla ya Juni 1930 huwa nauliza nani kalipa ili iandikwe hivi, au isiandikwe.

Na ile misemo yake inayozunguka mitandaoni, ile ya kwamba neno zuri na bunduki vinakufikisha mbali kuliko neno zuri peke yake, haipo kwenye chochote cha wakati wake. Ni ya mchekeshaji Irwin Corey, miaka ya 1950, Capone alishakufa tangu Januari 1947.

Kuna ushahidi mwingine ambao hauna kinywa kabisa, nao ni wa risasi. Tarehe 14 Februari 1929 kwenye gereji ya 2122 North Clark Street watu 7 walipangwa ukutani wakamiminiwa, na waliofanya hivyo wengine walivaa sare za polisi. Mji mzima ukanong'ona kwamba ni polisi wa kweli, na kwa sifa ya polisi wa Chicago wakati ule wala hakuna aliyeona ajabu. Calvin Goddard, mtaalamu wa kupima bunduki na risasi, akaitwa kutoka New York, akachukua maganda ya risasi 70 ya pale gerejini, akafyatua bunduki za Thompson (zile za kumimina risasi mfululizo) za polisi moja moja, akalinganisha kwa darubini, hazikufanana. Desemba mwaka huo huo Michigan, jamaa anaitwa Fred Burke akamuua polisi baada ya ajali ndogo ya gari, nyumba yake ikapekuliwa, zikatoka Thompson 2, Goddard akapima, ndo zenyewe. Maabara ya uchunguzi wa jinai ya Chuo Kikuu cha Northwestern ilizaliwa kutokana na kazi ile. Burke alifungwa maisha kwa yule polisi. Kwa wale 7 hajafungwa mtu hata mmoja mpaka leo.

Nikiambiwa nichague mtafiti wa zamani wa kumheshimu ntamchagua John Landesco. Ripoti yake ya 1929 kuhusu uhalifu wa magenge Chicago ina sehemu nzima kuhusu misiba, na watu wanairuka wakidhani ni mambo ya maua na majeneza ya bei. Landesco alielewa kwamba msibani ndo mtu anaonekana ni wa nani. Kwenye mazishi ya Colosimo, kwenye orodha ya wabeba jeneza wa heshima walikuwemo majaji na madiwani, majina yao yamechapwa gazetini bila aibu. Huwezi kumhoji jaji akakwambia yuko mfukoni mwa mwenye madanguro, lakini orodha ya mazishi imeshakwambia.

Jambo la mwisho linalonigusa zaidi kuliko Capone na suti zake zote. Polisi wa Chicago waliandika kwa mkono rejista ya mauaji kuanzia 1870 mpaka 1930, na Northwestern wameiweka mtandaoni, zaidi ya kesi 11,000. Ukiisoma taratibu, magengsta wanapungua sana. Utakuta mke kauawa na mumewe, ugomvi wa baa, wanaume wawili wamegombea hela ndogo, kila mmoja mistari michache, jina, mtaa, saa, basi. Miaka ile ile tunayoiita miaka ya Capone, watu wengi waliokufa hawakua na uhusiano wowote na Capone, na hakuna aliyewatengenezea filamu. Ukiandika historia ya uhalifu ya mji ukawaacha hao, umeandika historia ya watu wenye wapiga picha.

Na uzuri ni kwamba mtu wa Tanga au Kisumu mwenye bando la kawaida anaweza kuanza leo. Rejista ipo bure. FBI wameweka mafaili ya Capone kwenye tovuti yao, ila kumbuka humo mna umbea mwingi wa watoa taarifa, barua isiyo na jina haigeuki kuwa ukweli kwa sababu imepigwa muhuri. Idara ya kodi ya Marekani nayo imetoa nyaraka zake, zikiwemo za Wilson. Majalada ya kesi yenyewe yako Hifadhi ya Taifa, tawi la Chicago. Sensa hufunguliwa baada ya miaka 72, kwa hiyo mpaka ile ya 1950 sa hivi inasomeka, nyumba kwa nyumba.

Ushauri wangu usianze na Capone, ameshapekuliwa mno. Chukua Shumway, au jina moja tu kutoka kwenye rejista, mwaka 1926 kwa mfano, ambao magenge ya Cicero yalikua yamechachamaa, ulifuate kwenye sensa, kisha gazeti la kesho yake, kisha rekodi za mahakama, na kila karatasi uiulize iliandikwa na nani na alikua anataka nini.