Deraya ya Pete (Vazi la Kivita la Pete za Waya Zilizoshikanishwa): Yanayodhaniwa na Yalivyo

Dhana: Waya mnene ndio huleta deraya imara.

Ukweli: Kinachoamua ni uwiano. Gawa kipenyo cha ndani cha pete kwa unene wa waya. Kwa msuko wa kawaida, ambapo kila pete hushika nyingine nne, lenga 4 hadi 5. Waya wa milimita 1.6 kwa pete ya milimita 8 ni 5 kamili. Ukikaribia 3, pete hubanana na deraya hukakamaa. Ukipita 6, pete zilizokutanishwa ncha tu huachia kwa kuvutwa kidogo. Pima pete yenyewe, si ufito uliouzungushia waya kupata koili ya kukata pete, maana koili ikitoka kwenye ufito hulegea kidogo.

Dhana: Kufungua pete ni kuitanua.

Ukweli: Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Ukiitanua, duara limekwenda na halirudi. Shika pete kwa koleo mbili, ncha moja isukume mbele, nyingine ivute nyuma. Wakati wa kufunga, zipitishe ncha kidogo kuliko zinapokutana, kisha zirudishe, kwani waya hupenda kurudi ulikotoka. Pitisha kidole kwenye kiungo: kikikwaruzwa, rudia. Unapokata koili kuwa pete, koleo la kukatia huacha ncha zilizochongoka ambazo hazikutani sawasawa. Msumeno wa chuma ni wa polepole lakini hukata bapa.

Dhana: Deraya kama hii ndiyo waliyovaa askari wa Ulaya ya zama za kati.

Ukweli: Pete zao zilipondwa ncha, zikatobolewa na kufungwa kwa ribiti (kipini kidogo cha chuma kinachopondwa kichwa). Zako zimekutanishwa ncha tu, ni za maonyesho. Usizijaribu kwa silaha yenye makali, hasa mtu akiwa ndani.

Dhana: Waya wenye zinki uchomwe kwanza ulainike.

Ukweli: Usichome. Moshi wa zinki huleta homa na kikohozi.

Dhana: Upande wowote unavaliwa.

Ukweli: Safu za pete zizunguke mwili kwa ulalo, ndipo deraya itanuke kifuani unapopumua. Ukizisimamisha wima, inabana.

Dhana: Uzito wote hukaa mabegani.

Ukweli: Pete moja ya chuma ya vipimo vya hapo juu ina karibu nusu gramu. Pete 20,000 ni kama kilo 9.5, na hula takriban mita 600 za waya. Funga mkanda kiunoni, uivute deraya juu kidogo ilegee juu ya mkanda, na sehemu kubwa ya mzigo itahamia nyongani.