Sinema ya Kihindi si Bollywood peke yake

Mei 2024, filamu All We Imagine as Light ya mwongozaji wa India, Payal Kapadia, ilipotwaa tuzo ya Grand Prix kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, kuna waliosema Wahindi hatimaye wameanza kutengeneza filamu za tuzo. Dhana hiyo ni ya siku nyingi: sinema ya Kihindi ni Bollywood, na Bollywood ni nyimbo, machozi na steringi asiyekufa.

Sivyo. Mwaka 1946, India ikiwa bado koloni, Neecha Nagar ya Chetan Anand ilikuwa miongoni mwa filamu zilizogawana tuzo kuu hapo hapo Cannes.

Kisha akaja mwongozaji Satyajit Ray. Pather Panchali (1955) ni ya Kibengali, wala haikutoka Bombay (Mumbai ya leo), nyumbani kwa Bollywood. Pesa zilikuwa za kuungaunga, hadi vito vya mkewe vikawekwa rehani. Kuna pale watoto wawili wanapokatiza majani marefu meupe kwenda kuona treni. Ray na wenzake waliipiga picha sehemu hiyo siku moja tu. Waliporudi baadaye, ng'ombe walikuwa wameshayala majani yote, ikabidi wangoje msimu mwingine! Cannes waliituza mwaka 1956, na mwaka uliofuata mwendelezo wake, Aparajito, ukabeba Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, Italia.

Nadhani neno letu nalo lina lawama. "Kihindi" kwetu ni lugha moja, na papo hapo ni chochote cha India. Wauguzi katika filamu ya Kapadia wanaishi Mumbai, lakini wao kwa wao wanaongea Kimalayalam, lugha ya Kerala, kusini mwa India.